Kaburi la Watu 580, Mfalme Hayumo

Mtu wa Seme, kwetu Kisumu, akiingia katika dala (boma la Kiluo) asiyoijua hahitaji kuuliza sana ndipo ajue nani ni nani. Nyumba inayotazamana na lango ni ya mikayi, mke wa kwanza. Simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, ziko karibu na lango. Makaburi nayo yanasema: kwa mila, mume hulala upande wa kulia wa nyumba na mke upande wa kushoto, na binti aliyefariki bila kuolewa alizikwa nje ya ua. Cheo kimeandikwa ardhini, na mzee yeyote wa hapa Kombewa anajua kukisoma.

Wanaakiolojia hufanya kazi hiyohiyo, ila wao wamechelewa miaka elfu kadhaa na hawana wa kumuuliza. Wanatazama nani amelala katikati na nani pembeni, nani ana shanga na nani hana. Kwa muda mrefu kazi hiyo iliongozwa na dhana moja: kaburi likiwa kubwa, ndani yake yumo mkubwa.

Mifano ya kuiunga mkono haikosekani. Mausolus alikuwa liwali tu, akiitawala Karia kwa niaba ya mfalme wa Uajemi. Alifariki mwaka 353 kabla ya Kristo, na leo hata vita alivyopigana wachache wanavikumbuka, lakini kaburi lake la mawe lililokuwa na kimo cha mita 45 hivi, katika mji ambao sasa ni Bodrum nchini Uturuki, lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Farao Khufu alijengewa piramidi kiasi cha miaka 4,550 iliyopita. Kampala kuna Kasubi, alikozikwa Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1884. Na ukitoka Kombewa ukaelekea Bondo utafika Kang'o ka Jaramogi, ambako Jaramogi Oginga Odinga alizikwa mwaka 1994 na kaburi lake likajengewa jumba.

Sasa njoo Turkana.

Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, kuna jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi. Juu yake zimesimama nguzo za mawe, nyingine za mawe meusi ya volkeno, ambazo hazikuwa hapo kwa asili. Zilibebwa kutoka umbali unaofika kama kilomita moja. Pembeni kuna miduara ya mawe na vichuguu vya mawe. Kazi ya kuchimba na kupima iliongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, na katika timu hiyo walikuwamo Wakenya wa Makavazi ya Taifa kama Purity Kiura na Emmanuel Ndiema. Matokeo yalichapishwa Agosti 2018.

Chini ya jukwaa hilo walikuta shimo kubwa. Wajenzi walikuwa wamechimba mchanga wa ufuo wa zamani hadi wakagonga mwamba, kisha wakazuia kingo zake kwa mabamba ya mawe. Humo wakazika. Wakazika tena na tena, mwili karibu na mwili, kwa karne kadhaa, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Kwa hesabu ya chini kabisa ya watafiti, waliozikwa hapo ni watu 580.

Hesabu hiyo inahitaji maelezo, maana hakuna aliyefukua maiti 580. Timu ilichimba sehemu ndogo tu, na hilo ni la kusifiwa, kwa sababu kuchimba ni kuharibu. Ukubwa wa shimo lote ulipimwa kwa rada ya ardhini: chombo kinachoburutwa juu ya udongo huku kikituma mawimbi chini, na mawimbi hayo hurudi kwa namna tofauti yakikutana na mwamba, mchanga au udongo uliowahi kuvurugwa. Ukishajua ukubwa wa shimo, na ukaona jinsi watu walivyosongamana katika sehemu uliyofungua, hesabu inabaki kuzidisha.

Umri nao ulitokana na kaboni. Kila kilicho hai hujilimbikizia kiasi kidogo cha kaboni yenye mnururisho, na kikishakufa kiasi hicho huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730. Kipande cha kaa la moto wa miaka 5,000 iliyopita kimebakiwa na asilimia 55 hivi. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kubahatisha kwamba mazishi ya Lothagam yalikuwa yameanza kabla jiwe la kwanza la piramidi ya Khufu halijawekwa.

Hapo ndipo penye kitendawili. Walitafuta mkubwa, hawakumpata. Mifupa ya nyonga na meno yalionyesha wanaume na wanawake, wazee, vijana na watoto wachanga. Hakuna kundi lililotengwa pembeni, na hakuna mtu aliyejengewa chumba chake. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani, kutoka kwa panya wasiopungua 113. Fikiria subira ya aliyewatega panya hao. Na bado mwenye pambo hilo hakupewa nafasi ya pekee; alilala kati ya wenzake.

Walikuwa wafugaji, wa kwanza kufika sehemu hizi na ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mifugo yao ilitoka upande wa kaskazini. Walifika wakati mbaya. Mvua zilizokuwa zimeineemesha Afrika Mashariki kwa maelfu ya miaka zilikuwa zinakatika, na Ziwa Turkana lilikuwa linashuka kwa makumi ya mita. Ufuo ambao babu alinyweshea ng'ombe, mjukuu aliukuta mchanga mkavu. Wakazi wa ukingo wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, walioona maji yakimeza mashamba na nyumba mwaka 2020 wanajua ziwa linavyoweza kumhamisha mtu, ingawa kwao lilipanda na kule lilishuka.

Maelezo ya watafiti ni kwamba, katika hali hiyo, watu waliotawanyika kutafuta malisho walihitaji mahali pasipohama. Pale Lothagam walikutana, wakazika, wakapashana habari za maji na nyasi, na huenda wakachumbiana. Ujenzi ulikoma kipindi kilekile ziwa lilipoanza kutulia: wakalijaza shimo, wakalifunika kwa mawe, wakaondoka.

Mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama cheo chao hakikuwa katika vitu visivyodumu, idadi ya ng'ombe kwa mfano, au haki ya kusema kwanza barazani. Naikubali hoja hiyo nusu. Lakini hata kama walikuwa na wakubwa wao, walipofika kaburini waliamua kutoonyesha, na uamuzi huo waliushika kwa miaka mia saba hivi. Sisi tunaopimana kwa vigae vya kaburi na idadi ya mahema ya matanga hatungeweza kuushika kwa mwaka mmoja.

Wapo watakaosema nasi Seme tuna mawe yetu, Kit Mikayi. Ni kweli, lakini hayo hayakupandishwa na mtu. Ni mwamba wa matale uliooza kwenye nyufa zake ukiwa bado chini ya udongo, kisha mvua zikauosha udongo na kuyaacha mabonge yamebebana. Mtu alileta sala na hadithi ya mke wa kwanza. Lothagam mtu alileta jiwe lenyewe, ndiyo maana pale mpangilio una la kusema.

Na mpangilio ukivurugwa hausomeki tena. Shanga ya Lothagam ikiwa mfukoni mwa mtu ni shanga tu. Ikiwa shingoni mwa mtoto aliyelala kati ya watu wazima ni ushahidi. Basi ukichimba choo, kisima au msingi wa nyumba hapa Kombewa ukakuta vigae vya vyungu, shanga au mifupa ya kale, usivikusanye kwenye gunia. Simamisha jembe, viache vilivyolala, umwarifu chifu au Makavazi ya Kisumu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa.