Wati, Jasho na Kichocho: Kupima Makali ya Waendesha Baiskeli

Kabla ya Tour de France ya 2013, ambayo ilikuwa ya 100, mashabiki waliwapima washindani kwa matokeo ya mbio ndogo za mwaka huo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa mjini Kikuyu na David Kinjah, alikuwa ameshinda mbio za Oman mwezi Februari, Romandie mwezi Aprili na Dauphiné mwezi Juni. Alberto Contador wa Uhispania alikuwa wa pili Oman, lakini Dauphiné akashika nafasi ya 10. Nairo Quintana wa Kolombia, kijana wa miaka 23, alishinda mbio za Basque mwezi Aprili na hakwenda Dauphiné kabisa. Basi mjadala wote ukawa Froome na Contador. Tour ilipokwisha Froome alikuwa wa kwanza, Quintana wa pili kwa dakika 4 na sekunde 20, na Contador wa nne.

Matokeo ya mbio ndogo, basi, yalimtambua mshindi lakini yakampita Quintana. Mfugaji anayekwenda soko la mifugo la Garissa kutafuta ngamia wa safari hamwamini aliyetoka kisimani sasa hivi. Huuliza alivyotoka kiangazi kilichopita. Vivyo hivyo Tour ni wiki 3, na mbio za siku 6 au 8 hazionyeshi mwili utakavyokuwa siku ya 18.

Ndiyo maana timu huhesabu wati, yaani nguvu inayoingia kwenye pedali, na kuzigawa kwa kilo za mwili. Mlimani uzito ni adui, kwa hiyo wati tupu hazisemi mengi. Froome mwenyewe aliweka takwimu zake hadharani mwaka 2015, na naziona kuwa funzo kubwa kuliko jezi zake za njano za Tour. Alipopimwa Uswisi mwaka 2007, kijana asiyejulikana, alikuwa na kilo 75.6 na aliweza kuhimili wati 420 hivi. Alipopimwa London mwaka 2015, wiki chache baada ya kushinda Tour yake ya pili, wati zilikuwa 419. Karibu zilezile! Ila sasa alikuwa na kilo 69.9. Kwa kila kilo alipanda kutoka wati 5.6 hadi 6, na kwa uzito wake wa siku za Tour, kilo 67 hivi, alifika 6.25. Injini ilikuwepo tangu zamani. Kilichopungua ni mzigo.

Hata hivyo namba hizo zilipatikana maabara, kwenye hewa iliyodhibitiwa. Zilete Garissa uone. Mji uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni tele, na barabara ya kwenda Dadaab ni tambarare. Ungedhani ni mahali pa kuvunja rekodi. Lakini misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo. Kinachobaki ni joto. Anayekanyaga wati 400 huzalisha joto la wati 1,200 hivi mwilini mwake. Mchana wa Machi hewa ya Garissa hufika nyuzi 36 na zaidi, yaani ina joto kuliko ngozi yenyewe, na upepo unaompiga mpandaji humwongezea joto badala ya kumpunguzia. Njia iliyobaki ni jasho. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoa kilojuli 2,400 hivi, kwa hiyo anahitaji karibu lita 2 kila saa. Wakati huohuo moyo unagawa damu kati ya misuli inayotaka oksijeni na ngozi inayotaka kupoa. Mtu yuleyule, kwa wati zilezile, mapigo ya moyo yatakuwa tofauti saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana. Ukilinganisha washindani wawili bila kuuliza walipimwa kwenye joto gani, umelinganisha hali ya hewa.

Joto hilo lina faida yake pia. Baada ya siku 7 hadi 14 za mazoezi ya joto, maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na moyo hutulia. Wanasayansi wa Norway wamepima waendesha baiskeli waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 5 na kukuta hemoglobini yao imepanda. Timu za Ulaya sasa huwavika wapanda baiskeli nguo nzito ndani ya vyumba ili wapate kile ambacho kijana wa Garissa hukipata bure.

Lipo jambo jingine linalotugusa sisi wa kando ya mto Tana. Mwishoni mwa 2010 Froome alipimwa damu akakutwa na kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoambukizwa majini na unaoweza kumpunguzia mtu damu na nguvu. Sehemu ya matokeo yake mabaya ya miaka hiyo huenda ilitokana na ugonjwa, si mazoezi. Mwaka uliofuata, akiwa kwenye matibabu, alimaliza mbio za Vuelta ya Uhispania akiwa wa pili, na mwaka 2019 akapewa ushindi huo baada ya aliyemshinda kuadhibiwa.

Kwa hiyo, vijana mnaoshindana kutoka mjini Garissa hadi Modika: pimaneni njia ileile, saa ileile, na mwandike mapigo ya moyo kila mara. Na kama umezoea kuogelea mtoni au kwenye mifereji ya mashamba, ukaanza kuchoka bila sababu, usikimbilie kuongeza mazoezi. Nenda kituo cha afya upimwe kichocho kwanza, kina dawa.