Ndoa ya Bibi Imo Kwenye Daftari la Ubatizo

Wengi wanaoandika historia ya ukoo hukwama hapa: wazee wote wanakubali kwamba babu na bibi walifunga ndoa kanisani, lakini daftari la ndoa la parokia limepekuliwa ukurasa kwa ukurasa na majina hayamo. Basi husemwa kwamba kitabu kililiwa na mchwa. Kwa familia za Kikatoliki nasihi yangu ni moja: kabla ya kukata tamaa, omba daftari la ubatizo.

Amri ya Papa Pius X iitwayo Ne Temere, iliyotolewa 1907 na kuanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza kwamba ndoa isiishie kuandikwa kwenye daftari la ndoa. Taarifa ilipaswa kufika pia parokia alikobatizwa kila mwanandoa, iandikwe pembeni mwa jina lake. Ndiyo maana ubavuni mwa jina la bibi unaweza kukuta mstari mfupi, mara nyingi wa Kilatini, wenye tarehe, jina la mume na parokia. Hiyo parokia huenda si ile uliyoipekua. Utaratibu wa Kanisa ulikuwa ndoa ifungwe kwa kawaida parokia ya bibi harusi, ilhali wajukuu hutafuta upande wa babu, kwa kuwa ndiko ukoo ulikobaki.

Miaka nayo hupotosha. Mtu huanza na mtoto wa kwanza, akarudi nyuma mwaka mmoja au miwili. Kwa waongofu wa mwanzo hesabu hiyo haifai. Wengi walikuwa wameshaoana kimila, mahari yametolewa, watoto wanatembea, ndipo wakaanza ukatekumeni, ambao kwa Wamisionari wa Afrika ulichukua miaka minne. Ndoa yao iliingia kitabuni baada ya ubatizo. Kwa hiyo tafuta kuanzia mwaka waliobatizwa, hata kama mtoto wao mkubwa alikuwa na miaka kumi.

Angalia pia tahajia. Wakati wa Wajerumani Moshi iliandikwa Moschi, na Mwanza ikawa Muansa. Juma wa siku hizo anaweza kuwa amejificha kwenye herufi D, kama Dschuma. Yohana huwa Joannes. Na bibi ambaye ukoo mzima ulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza yumo kwa jina la ubatizo ambalo pengine hakuna mjukuu aliyewahi kulisikia.

Kwa ndoa za Kiislamu mambo ni tofauti kabisa. Nikahi hutimia kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari. Karatasi si sharti lake. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu haikuandikishwa. Hapo usitafute cheti ambacho huenda hakikuwahi kuwapo. Tafuta majalada ya mirathi, ambako wajane na watoto hutajwa kwa majina.

Ukienda parokiani, fika na majina ya ubatizo, majina ya wazazi wao, kigango walichosali na miaka unayokisia. Kama kigango kilikuja kuwa parokia baadaye, anza na parokia mama, maana vitabu vya zamani kwa kawaida vilibaki huko. Na uliza jimboni: sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka.