Je, Wajua? Fedha za Siaya Ziliwafikia Hata Wasiopewa

Je, wajua kwamba mojawapo ya majaribio makubwa ya uchumi kuwahi kufanywa vijijini lilifanyika katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya? Kuanzia mwaka 2014, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,500, ambazo kigezo chake kilikuwa nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, takriban dola 1,000 kila moja bila masharti yoyote, huku vijiji 653 vikigawanywa kwa bahati nasibu, ili vilivyopata fedha viweze kulinganishwa na vilivyokosa.

Waliopokea walitumia zaidi, jambo lisilomshangaza mtu. Lililowavutia watafiti, akiwemo Edward Miguel, ni kwamba matumizi ya majirani wasiopewa chochote nayo yaliongezeka, kwa kuwa fedha zilipita madukani na kwenye mashine za kusaga, kisha zikawafikia vibarua kama ujira. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, kizidishi, yaani kiasi ambacho uchumi wa eneo hukua kwa kila shilingi moja inayoingia, kilikadiriwa kuwa 2.5.

Na mfumuko wa bei, ile hoja inayotolewa upesi kila sera ya kugawa fedha inapojadiliwa? Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, ingawa fedha hizo zilizidi asilimia 15 ya pato la eneo, pengine kwa sababu biashara nyingi za vijijini zilikuwa na uwezo wa kuhudumia wateja zaidi bila kuongeza gharama kubwa.