Msiyang'oe Upesi: Meno ya Chini na Sura ya Mtoto

Juzi mama mmoja alifika ofisini kwetu kuchukua cheti cha ubatizo cha binti yake wa miaka 12. Alipokwisha kukipokea hakuondoka. Akamwambia mtoto afunue kinywa. Meno manne ya mbele ya chini yalikuwa yamesongamana kama watu waliobanana katika benchi fupi.

"Bwana karani," akasema, "wenzake shuleni wanamcheka. Mjomba wake anasema tung'oe mawili kwa koleo, yaliyobaki yatajipanga. Wewe uliyesoma waonaje?"

Mimi si mganga wa meno. Nikamwomba asubiri kidogo, nikatafuta habari katika vitabu. Niliyoyapata nawapeni na ninyi.

Jino la mbele la chini ni kama nguzo ya nyumba. Nguzo iliyosimama katikati ya shimo lake hudumu. Iliyoinamia ukingoni hulegea, hata kama kwa mbali yaonekana imepangana na wenzake. Ndivyo lilivyo jino. Likisukumwa mno nje ya mfupa wa taya, ufizi huweza kushuka, midomo hufumbika kwa shida, na jino laweza kurudi lilikotoka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Jambo hilo lilimsumbua sana daktari mmoja wa Marekani, Charles Tweed, aliyefanya kazi katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona. Mwalimu wake, Edward Angle, aliyefariki mwaka 1930, alifundisha kwamba meno yote yabaki kinywani. Tweed alitii kwa miaka kadhaa. Kisha akawatazama tena wagonjwa wake, akaona kwamba wengi wao meno yamenyooka lakini nyuso zimeharibika, kwa kuwa meno ya chini yamesukumwa mbele. Je, alificha kosa lake? La. Aliwaita, akawatengeneza upya bila kuwadai malipo. Mwaka 1940 akawaonyesha madaktari wenzake kumbukumbu za wagonjwa 100 waliotibiwa mara mbili namna hiyo.

Lakini sikilizeni vizuri: hakuwang'oa meno ya mbele. Aliondoa magego madogo manne, moja kila upande, juu na chini. Halafu kwa nyaya akayarudisha meno ya mbele polepole katika nafasi iliyopatikana.

Mwaka 1954 alieleza kipimo chake. Katika picha ya eksirei ya kichwa kilichotazama upande, huchorwa mistari mitatu: wa kwanza toka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho, wa pili kufuata ukingo wa chini wa taya, wa tatu kupita katika jino la mbele la chini. Hapo hupatikana pembetatu. Kwa uso wa wastani, taya na mstari wa juu hufanya nyuzi 25, jino na taya nyuzi 90, na jino na mstari wa juu nyuzi 65. Jumla ni 180, kama tulivyofundishwa shuleni.

Lakini nyuso hazifanani. Mwenye uso mrefu, taya lake huteremka sana, labda nyuzi 30. Huyo jino lake lapaswa kurudi nyuma zaidi, nyuzi 85 hivi. Mwenye uso mfupi na mpana, taya lake hulala karibu sawa na mstari wa juu, naye hupimwa kwa namna yake. Kwa hiyo daktari hatazami jino peke yake. Hutazama uso mzima.

Tena hesabu za Tweed zilitokana na nyuso za Wazungu wa Marekani. Kwetu Waafrika, kwa kawaida meno ya mbele huelekea mbele zaidi na midomo hujaa zaidi. Huo si ugonjwa. Mtoto aliyefanana na babu yake asiambiwe kuwa ana kasoro.

Basi, wazazi, mfanye nini? Mtoto wa miaka sita au saba akiota jino jipya nyuma ya jino la utoto, msifanye hofu. Mara nyingi la utoto hung'oka lenyewe, na ulimi hulisukuma jipya mbele. Likikawia miezi, mpelekeni kwa mganga wa meno. Mtoto mkubwa ambaye meno yamesongamana, mpelekeni pia, mkaulize. Jino la ukubwani likisha ng'olewa haliti tena. Meno jirani huegemea pengo, na ya juu hayakutani vizuri na ya chini.

Yule mama nimemweleza hivyo. Ameahidi kumpeleka binti hospitali baada ya mavuno, na koleo la mjomba limerudi kwenye kazi yake ya misumari.