Diski ya Ramani ndani ya Motokari: Inapokufa, Tufanye Nini?

Motokari nyingi zinazopita toka Kamanyola hadi Uvira, na kuendelea Makobola mpaka Baraka, zilitumiwa kwanza Japani. Zimekuja na kioo mbele ya shofa, chenye kuonyesha njia. Siku moja kioo kinakwama. Hata radio na kamera ya nyuma vinanyamaza. Wengine wanasema: «Tupa yote.» Wengine wanampa fundi wa kwanza feza za parokia. Lakini feza zile ni matoleo ya waamini. Haifai kuzitoa pasipo kujua sababu. Kwa hiyo tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

1. Diski ni nini?

Ni kisanduku cha chuma, sentimetre 7 kwa 10 hivi. Ndani mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 4.200 kila dakika. Kichwa kidogo kinasoma maandiko juu ya sahani pasipo kuzigusa. Kinabebwa na upepo wa kuzunguka kule. Basi adui wa kwanza ni kutikiswa, na mashimo ya uwanda wa Ruzizi tunayajua. Adui wa pili ni joto. Diski ya ordinatere imefanywa kwa joto la digri 5 hadi 55. Ile ya motokari inavumilia toka 30 chini ya sifuri hadi 85. Ndiyo sababu kutia diski ya ordinatere ndani ya motokari ni dawa ya muda mufupi.

2. Tutambue ugonjwa kabla ya dawa

Kama kioo kinafanya kazi lakini mushale unasimama mahali peupe, diski ni nzima: ramani yake ni ya Japani tu, haina ukurasa wetu. Kama kioo kinaomba namba ya siri kisha bateri kutolewa, ule ni ulinzi juu ya wezi. Lakini kioo kikibaki kwenye alama ya kampuni, kikijizima na kujiwasha, na ndani kunasikika ko-ko-ko, hapo diski inakufa.

3. Namna ya kutengeneza

Kwanza, mutafute namba ya siri mbele ya kugusa bateri. Wengi wanasahau neno hili, na ugonjwa mumoja unakuwa miwili.

Pili, mutoe waya wa bateri, kisha kisanduku cha radio, kisha diski.

Tatu, muiunganishe na ordinatere. Ikiuliza kama munataka kuitayarisha upya, mujibu hapana. Ndiyo moja inafuta yote.

Ine, munakili diski nzima, wala si maandiko moja moja. Programu GNU ddrescue inafanya kama mutu anayeokoa vitu nyumbani mulioingia maji: anatoa kwanza vilivyo rahisi, kisha anarudilia vile vya shida. Inaandika pia ilipofika. Umeme ukikatika, kazi inaendelea pale ilipoachwa.

Tano, nakala itiwe ndani ya diski isiyo ndogo kuliko ya kwanza. Diski isiyo na kitu chenye kuzunguka, inayoitwa SSD, inafaa zaidi kwa barabara zetu. Lakini kwa kisanduku cha zamani itahitaji kiungo cha kupatanisha meno yake.

Musifungue diski hata kidogo: vumbi moja tu inaiharibu. Tena, diski zingine zimefungwa kwa neno la siri linalojulikana na kisanduku chake tu. Ordinatere inaiona, haiisomi. Hapo fundi mwaminifu anasema wazi: «Siwezi.»

4. Je, inafaa?

Kama radio na kamera vinategemea diski, inafaa, garama ikiwa ndogo. Kwa ajili ya ramani peke yake, haifai. Simu yenye ramani ya OpenStreetMap, iliyowekwa ndani yake mbele ya safari, inaonyesha njia zetu hata pasipo mutandao. Na ramani yoyote inachelewa. Mwezi wa ine 2020 muto Mulongwe ulifurika ndani ya Uvira na kubeba daraja. Juu ya ramani daraja linabaki mpaka mutu alifute. Tuulize wenyeji.

5. Zamiri yetu

Hapa kuna neno kubwa kuliko ufundi. Simu ikiunganishwa na motokari, mara nyingi majina na namba zinanakiliwa ndani ya kisanduku, pamoja na mahali tulipopita. Padri ana majina gani ndani ya simu yake? Wakatekista wa milimani, wajane, watu waliokuja usiku kuomba shauri. Katika inchi ambamo watu wa silaha wamepita mara nyingi, orodha ile mikononi mwa mutu mubaya inaweza kuleta kifo. Kwa hiyo, mbele ya kuuza motokari tufute majina. Diski iliyokufa tuidai kwa fundi, tuivunje kwa nyundo. Kisichosomeka kwetu kinaweza kusomeka kwa mwingine.

Mwishoni, anayeuza motokari yenye diski mbovu anapaswa kumwambia mununuzi. Kuficha kasoro ili kupata bei kubwa ni kuvunja amri ya saba, hata kama muuzaji ni parokia.