Simu na Mto

Mto Lualaba hupita mjini Kindu. Mtoto mwenye akili haogi mtoni peke yake. Juu maji yametulia. Chini mna mamba.

Simu nayo ni kama mto. Huleta masomo na habari za ndugu walio mbali. Lakini ndani yake mtu mzima aweza kujiita mtoto. Kwanza humsifu mtoto, kisha humwahidi zawadi, halafu humwomba picha. Mwisho huandika: “Usimwambie mama.” Hapo ndipo mamba aonekanapo.

Basi mtoto asijibu, wala asifute maneno hayo. Amwonyeshe mara moja mama, baba au mwalimu. Asiogope: kosa si lake, na sheria ya Kongo ya mwaka 2009 humlinda.