Puli ya Krenki Haichaguliwi kwa Macho

Katika gereji za Nyaramba, kaunti ya Nyamira, ambako lori la majani chai, matatu na injini ya kinu cha kusagia mahindi huweza kufunguliwa na fundi yuleyule, kifaa kilichofungwa kwenye ncha ya mbele ya krenki huonekana kuwa puli tu ya kuzungushia mikanda ya alteneta na pampu ya maji. Hata hivyo, katika injini nyingi za silinda nne au sita, puli hiyo imebeba kituliza mtetemo, yaani pete nzito ya chuma iliyoshikanishwa na kitovu chake kwa tabaka la mpira, na injini inapoundwa upya kwa ajili ya mashindano, uteuzi wa kifaa hicho ndio unaoweza kuamua kama krenki itafika mwisho wa mbio ikiwa nzima.

Krenki, ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, hudhaniwa kuwa chuma kisichopinda, ilhali kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda husokotwa kidogo kama nguo inayokamuliwa, kisha hujifungua, na katika kujifungua huko hupitiliza pale ilipoanzia. Pembe ya msokoto huo ni ndogo, mara nyingi haifiki digrii moja, lakini hurudiwa mara nyingi mno kwa sekunde, na chuma kinachosokotwa hivyo mwishowe huchoka na kupasuka. Kila krenki ina marudio yake ya asili, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo ingeifanya yenyewe kama ingegongwa na kuachwa, na hatari kubwa hutokea pale misukumo ya silinda inapolingana na marudio hayo.

Hesabu yake si ngumu. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwasha mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini ya silinda sita hutoa misukumo mitatu katika kila mzunguko. Krenki yenye marudio ya asili ya 300 kwa sekunde itakutana na misukumo hiyo ikizunguka mara 100 kwa sekunde, yaani mizunguko 6,000 kwa dakika, ambako injini ya kawaida hufika kwa nadra lakini ya mashindano hukaa muda mrefu. Aidha, nguvu ya mlipuko haiji kama msukumo mmoja laini, bali hubeba ndani yake misukumo midogo ya kasi zaidi, na ule unaojirudia mara nne na nusu kwa mzunguko utaisumbua krenki hiyohiyo kwenye mizunguko 4,000.

Historia ya Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, inatoa mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ilikuwa na silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja juu ya krenki ndefu yenye beringi kuu saba, na urefu huo hushusha marudio ya asili hadi ndani ya eneo ambalo injini hufanyia kazi. Subaru Impreza, jamaa ya magari aliyoendesha Patrick Njiru katika Safari za miaka ya 1990, ina silinda nne zinazolala kwa kutazamana, mbili kwa mbili, hivyo krenki yake ni fupi na ngumu, na marudio yake yako juu zaidi. Anayetayarisha Datsun kwa ajili ya East African Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, ana tatizo ambalo jirani yake mwenye Subaru halijui kwa ukubwa uleule, na ushauri wa mmoja kwa mwingine kuhusu puli hauna thamani kubwa.

Vituliza vyenyewe ni vya aina kadhaa. Cha mpira ni rahisi na chepesi, lakini kimepangiwa marudio mamoja, yale ya injini kama ilivyotoka kiwandani, na mpira ukizeeka pete ya nje huteleza hata alama za taimingi zilizochongwa juu yake zikaanza kudanganya. Cha silikoni huwa na pete inayoelea ndani ya kasha lililofungwa, ikizungukwa na majimaji mazito ya silikoni. Krenki inapotetemeka kasha huifuata nayo pete hubaki nyuma, na msuguano wa majimaji hugeuza mtetemo kuwa joto. Wazo la kutuliza kwa msuguano lina asili katika kazi ya Frederick Lanchester, mhandisi wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Aina hii hufanya kazi katika kasi nyingi badala ya moja, ndiyo maana hupatikana katika injini kubwa za dizeli za malori. Zipo pia zenye pete za mpira zinazobadilishwa, kama Super Damper ya ATI, zinazomwezesha fundi kukipanga kifaa upya kulingana na injini.

Kwa injini ambayo pistoni, mikono ya pistoni au flaiwili yake imebadilishwa, cha silikoni au kinachopangika upya ndicho chaguo la busara, kwa sababu kila gramu iliyoondolewa imesogeza marudio ambayo mpira wa kiwandani ulipangiwa. Mtindo wa kung'oa kituliza na kuweka puli nyepesi ya alumini ili injini ipande kasi upesi unastahili kuitwa ujinga wa gharama: gia za pampu ya oili na cheni ya taimingi huwa za kwanza kulipa, nayo krenki hufuata. Isichanganywe pia kazi ya kutuliza na kazi ya kusawazisha, ambayo ni kulinganisha uzito pande zote ili krenki isirukeruke; krenki iliyosawazishwa kikamilifu bado husokotwa. Katika injini chache uzito wa kusawazisha umewekwa kwenye kituliza chenyewe, na hizo zikipewa kisicho na uzito huo zitatikisika tangu siku ya kwanza.

Ukubwa nao una mipaka, kwa kuwa pete nzito mno huongeza mzigo kwenye ncha ya krenki, na kasha la silikoni lililofungiwa mahali pasipopita hewa hupata joto linaloharibu majimaji yake. Kasha hilo halipigwi nyundo wakati wa kufunga, kwani nafasi kati yake na pete ya ndani ni nyembamba sana na kibonyeo kidogo tu kitaikwamisha pete bila dalili yoyote kuonekana nje. Huvutwa mahali pake kwa kifaa cha skrubu, baada ya ncha ya krenki kupimwa kwa maikromita, na boliti yake hukazwa kwa kipimo kilichotolewa na mtengenezaji.